Jinsi swali la ufuta wetu lilivyofika mpaka kwa Naibu Waziri bungeni

Wiki iliyopita kuna msomaji kaniandikia kutoka Singida, kijana analima alizeti na dengu, anasema "Dada shikamoo, mbunge wetu nimempigia zaidi ya mara kumi, meseji nimetuma, kila siku ananiambia amelichukua, lakini bungeni sijamsikia akiliuliza hata siku moja, nyie huko kusini mlifanyaje mpaka la kwenu likaulizwa?" Niliisoma usiku nikiwa nimeshalala nikaamka nikakaa, maana maneno hayo hayo mimi niliyasema 2021, tena mimi nilikuwa na hasira kuliko yeye. Nikamjibu marahaba mdogo wangu, nipe siku mbili nitaandika yote, na wengine wenye shida kama yako wasome.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima 34 wa ufuta. Ufuta wetu tunaanza kuvuna Mei, minada inachangamka Juni, na Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, yaani kipindi kile kile ambacho mkulima anahangaika na mizani na magunia ndo kipindi mawaziri wote wako Dodoma na kila wizara inasimama kuombewa pesa. Wakulima wengi hatulijui hilo, au tunalijua halafu tunakaa nalo tu.

Niseme kabisa kwamba stakabadhi ghalani, yaani ule mfumo wa kukabidhi mazao ghalani, ukapewa karatasi na kusubiri yauzwe mnadani, mimi siipingi. Sheria yake ilipitishwa 2005, na huku kwetu ilianza na korosho msimu wa 2007/08. Mama yangu aliuza kwa kangomba karibu maisha yake yote, mtu anakuja na kopo lake anakupimia mwenyewe na bei anapanga mwenyewe, wewe unashukuru. Kwa hiyo mnada ulipokuja tulifurahi, na bei kweli ilipanda. Shida ni kwamba ukishakabidhi mzigo unabaki na karatasi tu. Mwaka ule wa 2021 nilipima kilo 386, mnada ukapita, na pesa ikakaa siku 47. Mwanangu alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, tarehe ya kuripoti ikapita, kila asubuhi anafungua sanduku lake la bati anapanga zile nguo upya, ananiangalia, hasemi kitu. Sijasahau lile sanduku.

Nikaandika barua kwa mbunge, kurasa nne, mbele na nyuma. Niliweka kila kitu: pesa kuchelewa, makato, mizani, magunia, barabara ya kwenda ghalani, mpaka habari ya mbolea. Nilidhani nikijaza ndo nitasikilizwa. Na kweli alisikia, tusimuonee, Septemba pale bungeni akasimama kwenye swali la nyongeza la mtu mwingine akauliza Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia wakulima wa ufuta. Tulikuwa dukani tumezunguka redio, akina mama kama kumi na vijana wa bodaboda. Majibu yalikuwa kwamba Serikali inatambua umuhimu wa zao hilo na itaendelea kuboresha mfumo ikishirikiana na wadau. Basi. Likaitwa swali jingine, la kituo cha afya. Mzee mmoja akaniambia mbele ya watu, "Hayo ndo majibu yako mama katibu," akaondoka. Jioni mbunge akaweka video yake akisema ametusemea, watu wakampongeza, kikundi chetu hakijatajwa popote wala mimi sikupigiwa simu. Iliniuma na bado inaniuma nikiikumbuka.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mwalimu mstaafu. Akaniambia hujashindwa wewe, limeshindwa swali, hebu nenda kasome Taarifa Rasmi, ile Hansard. Nilikuwa sijui kama mtu wa kawaida anaweza kuisoma, kumbe iko kwenye tovuti ya Bunge, kila kikao neno kwa neno, nani kauliza na nani kajibu. Nikaenda steshenari nikaprinti kurasa 22 za maswali, nikakaa nazo na kalamu nyekundu wiki nzima usiku.

Hapa nataka usome taratibu kwa sababu ndo penyewe. Ukiuliza "Serikali ina mpango gani", utajibiwa mpango upo. Ukiuliza "Serikali haioni haja ya", utajibiwa inaona. Ukiuliza "ni lini" peke yake, utasikia fedha zitakapopatikana, au upembuzi yakinifu unaendelea. Majibu hayo sio uongo, na ndo maana hayashikiki, yanalitosha swali lilivyokuja. Lakini nikaanza kuona maswali mengine, machache, mbunge anataja kijiji, anataja mwaka, anataja kiasi, anauliza kimebaki kiasi gani na nani anadaiwa, na hapo Naibu Waziri anakuja na tarakimu kwa sababu hana pa kupita. Swali la msingi linapelekwa kwa maandishi mapema, lina namba yake, linaenda wizarani, wataalamu wanakaa wanaandaa jibu. Maana yake ukilipeleka na takwimu, kuna ofisa mahali fulani atalazimika kufungua faili lako atafute. Hiyo peke yake ni ushindi hata kabla waziri hajasimama. Halafu aliyeuliza ana nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na hayo wizara haijayaona. Wabunge wengi wanayatupa hayo mawili kwa kuomba barabara nyingine au kumuomba waziri waongozane kwenda jimboni.

Kitu kingine alichonionyesha mwalimu ni Katiba yenyewe, Ibara ya 63, inasema Bunge linaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Katika wajibu wake. Ile barua yangu ya kurasa nne ilikuwa na mambo ya mawaziri watatu au wanne. Wakati ule ukiangalia karatasi moja tu ya malipo ya mkulima, mambo ya ghala na stakabadhi yako Viwanda na Biashara, ushirika na AMCOS, yaani vyama vya msingi vya wakulima, uko Kilimo, ushuru wa halmashauri uko TAMISEMI, ule ambao 2017 ulishushwa kwa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 kuja 3. Ukilichanganya lote kwenye swali moja kila wizara itajibu kipande kilicho rahisi kwake na kile kigumu kitabaki katikati bila mwenyewe. Ndicho kilichotutokea.

Basi msimu wa 2023 ukaisha tukabaki na watu 19 hawajalipwa mauzo ya mnada mmoja. Safari hii sikuandika barua. Nilinunua daftari kubwa, nikapita nyumba kwa nyumba, nikachora mistari: jina, kilo, tarehe ya kupima, tarehe ya mnada, tarehe pesa ilipoingia, na kwa hao 19 ile safu ya mwisho ikabaki nyeupe. Nikakuta na kitu ambacho sikukitegemea, watu sita kilo zao za kijijini na za ghala kuu hazifanani, mmoja alipungukiwa kilo 11 kati ya 240. Februari, kabla ya mkutano wa Aprili, nikaenda ofisi ya mbunge, sikumtafuta mbunge nikamtafuta katibu wake, nikampa ukurasa mmoja. Juu swali la msingi, ni wakulima wangapi wa mnada ule hawajalipwa, ni kilo ngapi, na watalipwa tarehe ngapi. Chini maswali mawili ya nyongeza, nikayaandika kabisa kama yatakavyotamkwa. La kwanza kama kuna aliyechukuliwa hatua. La pili upungufu wa uzito kati ya mizani ya kijijini na ya ghala kuu anaulipa nani, maana leo unamuangukia mkulima. Nyuma nikabana kopi za karatasi zote 19.

Katibu akasoma akaniambia, "Mama, hili halihitaji hata kuandikwa upya." Nimeishi na hilo neno mpaka leo.

Liliulizwa Mei 2024. Redio ile ile, duka lile lile, safari hii watu walikuwa wengi mpaka barabarani. Naibu Waziri akasimama akasoma idadi, ikatofautiana na yetu kwa mtu mmoja tu, akataja kilo, akasema ndani ya siku 14 watakuwa wamelipwa. Kwenye nyongeza ya pili ya mizani akasita kidogo, akasema atafika ghalani mwenyewe kujionea. Kabla ya siku 14 kuisha watu 17 wakaingiziwa pesa. Wawili waliobaki majina ya akaunti hayakufanana na ya vitambulisho, tukarekebisha, nao wakapata. Yule mzee wa 2021 alikuwa mmoja wa hao 17. Alikuja kwangu na kuku. Nikampokea vizuri.

Sasa ndugu zangu nawaambia ukweli, tuache kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp miezi sita halafu tuseme wabunge hawafanyi kazi. Mbunge ana kata nyingi, ana simu mia kwa siku, wewe umempa nini mkononi? Umempa hasira. Hasira yako ni ya kweli, naijua, nimelala nayo, ila haiwezi kuingia kwenye orodha ya maswali. Mpe mahali, tarehe na idadi. Na mpe katibu wake, na mpe kabla ya mkutano haujaanza, sio siku unapomuona kwenye TV. Mikutano ni minne kwa mwaka, Novemba, mwanzoni mwa mwaka, Aprili mpaka Juni, na ule wa kuanzia mwishoni mwa Agosti, sio siri.

Kuna watu wananiambia mambo madogo kama kilo 11 hayana hadhi ya Bunge, Bunge ni la mambo kama Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura. Mimi nasema hapana. Richmond ilikuwa kazi ya Kamati Teule, kamati ya wabunge iliyoundwa kuchunguza jambo hilo moja, ndiyo iliyofanya Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008, na hizo haziji kila mwaka. Swali la asubuhi ni kitu kingine, ni la mtu kama mimi. Hata yale ya Alhamisi kwa Waziri Mkuu ukitaka kuyatumia ujue ni ya sera, ukipeleka la ghala moja Spika atalikataa, sasa usimfanye mbunge wako aaibike. Wenzetu Kenya tangu Katiba ya 2010 mawaziri wao sio wabunge, na ilibidi baadaye wabadili kanuni ndo mawaziri wakaanza kuingia ukumbini kujibu. Sisi wetu wamo humo humo kila asubuhi saa tatu, dua ikishapita haichukui muda maswali yanaanza, na hatuwatumii.

Na kama swali limejibiwa vibaya hujaishiwa. Subiri siku ya bajeti ya wizara hiyo, mbunge anaweza kushika shilingi, yaani kuzuia shilingi kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Usidharau hiyo shilingi moja, nimeona waziri akitoa majibu ya uhakika jioni ambayo asubuhi hakuwa nayo. Ila hapo pia atahitaji ukurasa wako mmoja wenye tarehe na idadi. Najua narudia, nitarudia tu.

Kijana wangu wa Singida, nimeangalia ulichonitumia. Una mambo matatu humo: bei elekezi, ushuru wa halmashauri na pesa za dengu ambazo hazijalipwa. Chagua la dengu, hayo mengine weka pembeni kwa sasa. Zunguka na daftari, wapate hata watu kumi wenye karatasi zao, piga picha nitumie kabla hujaenda kwa katibu wa mbunge, nitakusaidia kuliandika.

Sisi huku tumebaki na la mizani. Naibu Waziri hajafika ghalani. Nimeshaandika ukurasa mwingine, unaanza hivi: Mei 2024 Serikali iliahidi hapa bungeni kufika kwenye ghala letu kukagua mizani. Je, ilifika tarehe ngapi, na ilikuta upungufu wa kilo ngapi?