Jibu: Je, sataranji humfanya mtoto awe hodari wa hisabati?
Ndugu, umeuliza kama mwanao akifundishwa sataranji alama zake za hisabati zitapanda. Mfundishe kwa utamu wa mchezo wenyewe, lakini hilo usilitegemee. Ni kweli kwamba Emanuel Lasker, bingwa wa dunia tangu 1894 hadi 1921, alikuwa mwanahisabati mwenye jina, na Max Euwe, aliyetwaa ubingwa 1935, alikuwa mwalimu wa somo hilo. Hata hivyo, katika jaribio la shule 100 za Uingereza, ambalo ripoti yake ilitolewa 2016, watafiti hawakuona nafuu yoyote ya hisabati mwaka mmoja baada ya mafunzo kwisha. Bingwa hutegemea zaidi kutambua mipangilio ya kete aliyokwisha kuizoea, ndiyo maana zikipangwa ovyo ubao mzima, uwezo wake wa kuzikumbuka hushuka karibu na ule wa anayeanza.