Hesabu Meno Kwanza: Nilivyojenga Mashine ya LEGO Inayochora Maua

Wiki jana msomaji mmoja wa Bungoma alinitumia meseji, "Kaka, hiyo mashine yako ya LEGO ya kuchora maua, mimi nimejenga yangu mara tatu na mstari haurudi pale ulianzia, nakosea wapi?" Niliisoma nikiwa kwa matatu ya Kondele na sikuweza kunyamaza, kwa sababu hicho kidonda nakijua, mimi kilinipata mbele ya watu.

Mwaka jana nilipeleka mashine yangu kwa maonyesho fulani hapa Kisumu. Miezi minne nilikuwa naijenga kwa LEGO, vile vitofali vya plastiki vya watoto vya kuunganisha. Ni meza inayozunguka na karatasi juu yake, na kalamu inayoenda na kurudi juu ya karatasi; ukizungusha mkono wa pembeni, gia zinasukuma vyote viwili. Vipande nilikuwa natoa soko la Kibuye kila Jumapili, kwa wale wamama wanauza toi za mtumba, unainama unachambua kimoja kimoja mpaka mgongo unauma. Uzuri ni kwamba hawa watu wa LEGO kule Denmark hawajabadilisha kipimo tangu 1958, kwa hivyo tofali kuukuu linaingiana na la juzi. Sasa jaji akafika kwa meza yangu, nikazungusha ule mkono wa pembeni, petali ya kwanza safi, ya pili safi, lakini ilipofika ya mwisho mstari ukapita kando ya pale ulianzia, kama milimita tatu hivi, nikaendelea kuzungusha nikidhani itajirekebisha na karatasi ikajaa mistari isiyo na kichwa wala mguu. Akaniangalia akasema, "Si hizi ni za watoto?" Akaenda meza ingine. Mimi ni fundi simu, kazi yangu ni kushughulika na vitu vidogo vinavyodharauliwa, na bado hilo neno liliniuma, linaniuma mpaka leo.

Nilirudi nyumbani nikafungua kila kitu. Kumbe ekseli ya kalamu, kile kijiti kinachobeba gia yake, niliishika upande mmoja tu, kwa hivyo kila nikizungusha inalala kidogo, na gia mbili zilikuwa feki, tundu lake limelegea. Ukitaka kujua tofali la kweli angalia vile vidude vya duara vya juu, kila kimoja kimeandikwa LEGO. Ekseli ishikwe pande zote mbili, hilo sirudii. Halafu funga rababendi kwa mkono wa kalamu uvutwe upande mmoja kila wakati, hapo ile nafasi ya kucheza kati ya meno inaisha. Na usizungushe ukirudi nyuma hata mara moja, ukirudi nyuma umeharibu. Biro inataka kukandamizwa na ukiikandamiza inavuta mkono, mimi natumia peni ya jeli, inateleza yenyewe.

Fremu sitaeleza, ukishika vipande utaona. Lakini meno ndugu yangu, meno ndiyo kila kitu! Meza yangu inayozunguka, ile karatasi inakaa juu yake, ina meno 56. Mwanzo niliweka gia ya meno 8 kwa ekseli ya kalamu, ikashika meza moja kwa moja. 56 kwa 8 ni 7, kwa hivyo meza ikizunguka mara moja kalamu imeenda na kurudi mara 7, petali 7, kwisha, inaanza kupita juu ya mstari ule ule. Nikabadilisha nikaweka ya 24, na hapo meza inazunguka mara 3 kalamu ikienda mara 7, petali bado ni 7 lakini sasa zimepishana kama mkeka. Mimi nikataka nyingi zaidi, nikaongeza gia ya katikati kati ya hizo mbili. Wikendi mbili nzima nimeweka ya 16, nimeweka ya 40, ua ni lile lile! Gia ya katikati haibadilishi hesabu, inabadilisha tu upande wa kuzunguka. Hakuna mtu aliniambia, na ndio maana nakuambia wewe.

Dawa ni kuweka gia mbili kwa ekseli moja. Kwa ekseli ya kalamu weka ya 40, isukume ya 24 iliyo kwa ekseli ya pili, na hiyo ekseli ya pili iwe pia na ya 8 inayoshika meza. Ukipima kwa matundu ya vipande vya fremu, ni manne kati ya ekseli na ekseli, manne tena mpaka katikati ya meza, yanaingia sawa kabisa. Meza inazunguka mara 5, kalamu mara 21. Petali 21!

Hiyo ndiyo nilimaliza mwezi huu. Usiku stima ilikuwa imepotea, kijana wangu akashika tochi ya simu nikazungusha polepole, na mstari ukarudi ukaingia pale pale ulianzia. Akahesabu petali kwa kidole, akahesabu tena. Niliibandika ukutani kwa duka, juu ya meza ya kazi, wateja wanauliza ni kompyuta gani ilichora.

Vijana wetu wanaambiwa toi ni toi, hesabu ni ya mtihani, na mtu mzima akikaa chini na vitofali anaonekana amekosa kazi. Msikubali. Kaeni chini, mhesabu, mfungue, mjenge tena.

Na wewe wa Bungoma, usiku wa leo hesabu meno ya gia ya kalamu na meno ya meza yako, uniandikie hizo namba mbili. Nitakuambia ua lako lina petali ngapi kabla hujazungusha.