Umaliziaji wa nyumba: kazi ipi ikichelewa ndiyo inayosogeza siku ya kuhamia

Nyumba ikishaezekwa, mwenye nyumba huanza kuhesabu wiki za kuhamia, na hapo ndipo ratiba huvurugika. Kabla ya bati kazi hujipanga zenyewe: ukuta hauwezi kutangulia msingi hata kama hakuna aliyeandika. Kwenye umaliziaji mafundi sita au saba wanaweza kuingia saiti kwa pamoja, huyu akimsubiri yule kwa jambo moja na kutomsubiri kwa jingine. Anayelaumiwa kwa kuchelewesha mara nyingi siye.

Tuchukue nyumba ya chini ya vyumba vitatu. Bati liko juu, kuta ni tofali tupu, na tunataka kufika koti la mwisho la rangi. Siku zilizowekwa hapa ni makadirio ya kikosi kidogo. Weka za mafundi wako, hesabu ni ileile.

- Mabomba ya umeme ukutani na masanduku ya swichi: siku 4. Hayasubiri kitu.
- Mabomba ya maji na majitaka ndani, pamoja na kuyapima kwa presha: siku 5. Hayasubiri kitu.
- Grili na fremu za milango: siku 10 karakana, 2 za kufunga. Hazisubiri kitu.
- Karo la majitaka nje: siku 15. Halisubiri kitu.
- Plasta ya ndani: siku 8. Inasubiri umeme, maji na grili.
- Plasta kukauka: siku 14.
- Nyaya za umeme: siku 3, na fremu za dari: siku 4. Zote zinasubiri plasta kupigwa.
- Bodi za jipsamu: siku 3. Zinasubiri nyaya na fremu za dari.
- Madirisha ya aluminiamu, kuanzia vipimo hadi kufungwa: siku 12. Yanasubiri plasta kupigwa.
- Skimu, tabaka jembamba la kusawazisha ukuta kabla ya rangi: siku 6. Inasubiri plasta kukauka na bodi kufungwa.
- Koti la kwanza la rangi: siku 3. Linasubiri skimu na madirisha.
- Swichi, soketi na taa: siku 2. Zinasubiri koti la kwanza.
- Vigae vya sakafu: siku 7. Vinasubiri koti la kwanza.
- Milango: siku 3. Inasubiri vigae.
- Vyoo na masinki: siku 3. Vinasubiri vigae na karo.
- Makabati ya jikoni: siku 12. Yanasubiri vigae.
- Koti la mwisho: siku 3. Linasubiri kila kitu.

Kila "inasubiri" iwe na sababu unayoweza kuitaja. Grili hutangulia plasta kwa sababu miguu yake huchimbiwa ukutani. Ukiifunga baadaye utabomoa kingo za dirisha ambazo umeshalipia. Aluminiamu hufuata plasta kwa sababu plasta hula nafasi: milimita 15 kila upande zinapunguza upana kwa sentimita 3, na dirisha lililopimwa kwenye tofali tupu litarudi karakana. Mabomba hupimwa kwa presha kabla ya kufunikwa kwa sababu uvujaji ukigundulika baada ya vigae, vigae ndivyo vitakavyovunjwa. Sababu isipopatikana, huenda huo si utegemezi bali ni mazoea ya fundi. Vigae kusubiri koti la kwanza, kwa mfano, ni uamuzi tu: tunakwepa kudondoshea rangi sakafu mpya. Utegemezi wa namna hiyo unaweza kuuvunja ukibanwa. Wa plasta na skimu huwezi.

Sasa hesabu, kwanza kwenda mbele. Kazi huanza pale inapokwisha ya mwisho kati ya zile inazozisubiri. Umeme unakwisha siku ya 4, maji ya 5, grili ya 12. Kwa hiyo plasta inaanza baada ya siku ya 12 na kwisha ya 20. Bodi za jipsamu zinakuwa tayari siku ya 27 na madirisha ya 32, lakini plasta inakauka siku ya 34, basi skimu ni kuanzia hapo hadi 40. Koti la kwanza 43, vigae 50, makabati 62, koti la mwisho 65.

Kisha rudi nyuma kutoka 65, ukiiuliza kila kazi: inaweza kumalizika lini kwa kuchelewa kabisa bila kusogeza mwisho? Tofauti kati ya hapo na siku inayomalizika kwenye hesabu ya kwanza ndiyo akiba yake ya siku. Umeme wa ukutani una akiba ya siku 8, maji 7, madirisha 8, milango 9, vyoo 9, swichi na taa 17. Karo la nje lina 44. Kazi zenye akiba sifuri ni grili, plasta, kukauka, skimu, koti la kwanza, vigae, makabati, koti la mwisho: 12+8+14+6+3+7+12+3, jumla 65. Huo ndio mfululizo mrefu kuliko yote, njia muhimu ya ratiba. Siku moja ikipotea humo, umehama siku moja baadaye.

Itazame tena. Fundi umeme na fundi bomba, wanaopigiwa simu kila asubuhi, hawamo. Waliomo ni mchomeleaji aliye karakana kwake mtaa mwingine, seremala wa makabati, na siku 14 ambazo hakuna mtu anayefanya chochote. Kusimamia saiti kwa macho kunakupeleka kwa watu wasio sahihi.

Akiba nayo ina mtego. Fremu za dari zina siku 7 na bodi zina siku 7, lakini ni saba zilezile. Fundi wa fremu akizitumia tano, wa bodi amebakiwa na mbili bila kujua. Usimtajie kila fundi akiba yake kana kwamba ni mali yake. Mpe tarehe ya mapema na uikalie kimya akiba.

Kufupisha hufanyika kwenye njia muhimu tu. Kumleta fundi umeme wa pili ni kuongeza akiba ambayo tayari ipo. Agiza grili wiki moja kabla ya saiti kufunguliwa: zitakuwa zimefungwa siku ya 5 badala ya 12, na nyumba nzima inashuka hadi siku 58. Kuziagiza mapema zaidi ya hapo hakuleti faida, kwa sababu mabomba ya maji nayo yanakwisha siku ya 5. Sasa zote mbili ni muhimu, na umeme umebakiwa na siku moja tu. Njia muhimu huhama, na wengi hupotea hapo: waliitafuta siku ya kwanza wakaibandika ukutani, kumbe baada ya wiki mbili iko kwa fundi mwingine.

Makabati ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi. Tumeandika "yanasubiri vigae" kana kwamba ni kazi moja, ilhali ni mbili. Kukata na kuunga maboksi, siku 9, kunahitaji upana wa ukuta uliokwisha kupigwa skimu. Kinachohitaji vigae ni kufunga, siku 3. Seremala akipima skimu inapokwisha, maboksi yatakuwa tayari siku moja kabla ya vigae kukamilika, na umeokoa siku 9. Sharti ni kwamba unene wa vigae na gundi yake ujulikane siku ya kupima, kwa sababu meza ya juu na nafasi ya jiko hutegemea kimo cha sakafu. Bei ya kuokoa siku hizo ni kwamba milango na vyoo vilivyokuwa na akiba ya 9 sasa vina sifuri.

Unaweza pia kuingilianisha kazi kwa vyumba: skimu ianze chumba kilichokauka mapema. Angalia kasi lakini. Skimu (siku 6) hukimbia kuliko plasta (siku 8), hivyo ikianza mapema itakuta ukuta mbichi mbele. Ihesabu kutoka nyuma: kwenye ratiba ya kwanza chumba cha mwisho kinakauka siku ya 34, mpe fundi siku moja ya kukimalizia, ndiyo 35, ondoa 6, asianze kabla ya siku ya 29. Umeokoa siku 5. Ukijumlisha mbinu zote tatu unafika 44, na kwa karatasi inapendeza, ila madirisha yamebaki na akiba ya siku 3 na dari siku 2. Kwa fundi mmoja mmoja wa kila kazi, mbili za kwanza zinatosha. Siku 49 zinazotimia ni bora.

Kisichofupishwa ni kukauka. Plasta humwagiliwa maji siku 7 za mwanzo ili saruji ikomae, kisha huachwa itoe unyevu. Masika siku 14 hazitoshi. Skimu juu ya ukuta mbichi hutoa madoa, chumvi nyeupe na rangi inayobanduka kama maganda. Usizibe nafasi za madirisha, acha hewa ipite. Kuongeza mafundi wa plasta kunasaidia, kutoka siku 8 hadi 5 pengine, lakini siku 14 zinabaki 14.

Siku hizo ziandike kwa namna yake. Mafundi hawafanyi kazi Jumapili, plasta inakauka Jumapili. Kwa wiki ya siku sita za kazi, siku 14 za kukauka hula siku 12 tu za kazi. Kwenye Microsoft Project, programu ya kupanga ratiba, ukiandika kusubiri 14d programu itahesabu siku za kazi; andika 14ed ihesabu za kalenda. Kosa jingine la programu hiyo ni kuandika tarehe kwa mkono kwenye safu ya kuanza: inaweka kizuizi kwamba kazi isianze kabla ya hapo, na ile iliyotangulia ikiwahi, hii haisogei. Unganisha kazi, tarehe zijitokeze zenyewe. Asiye nayo atumie ProjectLibre au GanttProject, ni za bure. Hesabu yenyewe ilibuniwa Marekani mwaka 1957 na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa kampuni ya Remington Rand kwa ajili ya viwanda vya kemikali, kwa kompyuta ya UNIVAC. Nyumba ya vyumba vitatu inatoshea kwenye karatasi moja.

Kuna tegemezi mbili ambazo michoro mingi huziacha. Ya kwanza ni mtu: aliyepiga plasta akiwa ndiye wa skimu na ndiye wa vigae, kazi zake haziwezi kwenda sambamba hata kama ukuta unaruhusu. Ya pili ni pesa. Malipo ya awali ya seremala yakitegemea mshahara wa mwisho wa mwezi, iandike "malipo ya awali" kama kazi yenye tarehe, na makabati yaisubiri. Mara nyingi ukifanya hivyo njia muhimu inahamia hapo papo hapo, na karo lenye akiba ya wiki nne na zaidi linaonyesha ni malipo gani yangeweza kusogezwa mbele.

Kwa mtu asiyeaminika kwa siku, muulize tarakimu tatu: ikienda vizuri, kwa kawaida, ikienda vibaya. Mchomeleaji akisema 7, 10 na 19, zidisha ya kati kwa 4, jumlisha zote, gawa kwa 6: unapata 11. Tumia hiyo, na mpigie simu yeye kabla ya fundi umeme.