Maswali na majibu: Livingstone ni jina la nani hasa?

Wiki mbili zilizopita niliandika sentensi moja tu, kwamba jina la David Livingstone, yule daktari na mmisionari Mskoti wa Ujiji, huenda mababu zake walilivaa kama mtu anavyovaa koti la kuazima. Maswali yamemiminika. Nayajibu machache.

Mchungaji wetu alihubiri kwamba Livingstone maana yake ni "jiwe lililo hai", kama lilivyo katika Waraka wa Petro. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Mahubiri mazuri, lakini jina halina jiwe ndani yake. Katika karne ya 12 bwana mmoja mwenye jina la Kisaksoni, Leving, alishika ardhi magharibi mwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Neno la kale *tun* lilikuwa na maana ya boma au makazi, kwa hiyo mahali pale pakaitwa boma la Leving, na waliotoka hapo wakaitwa kwa mahali pao, kama huku pwani mtu anavyoitwa Shirazi. Zilizofanana na neno la Kiingereza la jiwe ni herufi tu. Mahali penyewe bado papo, kilomita zipatazo 25 kutoka Edinburgh, na tangu 1962 pamejengwa mji mpya.

Kwa hiyo daktari wetu alikuwa mjukuu wa huyo Leving? (Mwalimu wa historia, Kigoma)

Hapo ndipo pananoga, Mwalimu. Kwa ushahidi tulio nao, sivyo. Koo za Livingston wa nyanda za chini za Uskoti, huko kwenye boma la Leving, zilikuwa za wakubwa: walishika ngome, wakawa mabwana wa Callendar na baadaye makabaila wa Linlithgow, na binti yao mmoja, Mary, alikuwa kati ya wale Mary wanne waliomsindikiza Malkia Mary wa Uskoti alipopelekwa Ufaransa angali mtoto, mwaka 1548.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, karibu na Glasgow, tarehe 19 Machi 1813, na akiwa na miaka 10 alikuwa kibarua wa kiwanda cha pamba. Babu yake alihamia huko kutoka Ulva, kisiwa kidogo cha pwani ya magharibi, alikokuwa mkulima mdogo. Huko watu walisema Kigaeli, na jina la boma la Msaksoni halikuwa lao.

Lao lilikuwa MacLea. *Mac* ni "mwana wa", sawa na *bin* yetu. Mwanamke hakuitwa Mac bali *Nic*, yaani binti. Kuhusu sehemu ya pili wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaosema ni *Mac an Lèigh*, mwana wa tabibu. Wengine wanalitoa kwenye jina la kale la mtu, Dunnshleibhe. (Kama la kwanza ni sahihi, mwana wa tabibu alikuja kuwa tabibu kweli. Sadfa, ila tamu.)

Kitovu cha MacLea ni Lismore, kisiwa kingine cha pwani hiyo ya magharibi. Hadi leo familia ya huko, inayojiita Livingstone, inatunza bakora ya Mtakatifu Moluag aliyefariki 592: fimbo ya mti isiyofika mita moja, ambayo zamani ilivishwa shaba. Simulizi za kisiwani zinasema katika karne ya 17 alikuja bwana mmoja wa nyanda za chini, James Livingston, akapangishwa ardhi za askofu, na wenyeji wakaanza kulitumia jina lake. Halikuwa jambo la ajabu. Majina ya Kigaeli yaliwashinda makarani, na kuwa na jina la bwana mwenye ardhi kulikuwa na faida yake.

Kubadili jina hakukuwabadilisha upande. Pale Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, waliotaka kuurudisha ukoo wa zamani wa wafalme walipopambana na jeshi la serikali na kushindwa, wao walipigana upande wa walioshindwa, pamoja na ukoo jirani wa Stewart wa Appin. Jeshi liliposambaratika, Donald Livingstone aliichana bendera ya Appin kutoka kwenye mlingoti wake, akajiviringishia mwilini na kutoroka nayo. Bendera hiyo imehifadhiwa Edinburgh. Baba wa babu yake daktari alikufa uwanjani hapohapo. Daktari mwenyewe ameandika hivyo.

Nimesoma kwamba Philip Livingston alitia saini Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Ndugu yake? (Msomaji, Minnesota)

Jina ni moja, nyumba ni mbali. Wa New York walitoka kwa mchungaji John Livingstone wa Ancrum, aliyekimbilia Rotterdam mwaka 1663 kwa sababu ya dini. Mwanawe Robert akafika Albany miaka ya 1670, akajilimbikizia ardhi isiyo na mfano. Wao walijihesabu kuwa wa nyumba ile ya Callendar. Tena walikuwa na hisa katika merikebu za watumwa, mtia saini akiwemo. Ndiyo maana nasema tusikurupuke kuunga nasaba kwa jina peke yake: huku jina hili linatajwa pamoja na kupigwa vita kwa biashara ileile.

Nimeona mtandaoni nembo ya ukoo wa Livingstone inauzwa kwenye kikombe. Ni halali? (Msomaji, Nairobi)

Kikombe nunua, chai itanyweka. Lakini kwa sheria ya Uskoti nembo ni ya mtu mmoja aliyeandikishwa kwa Lord Lyon, afisa anayesimamia nembo, huko Edinburgh. Jina la ukoo halina nembo.

Mimi Livingstone ndilo jina langu la kwanza. Cheti cha ubatizo hakina "e" mwishoni, kitambulisho kinayo. Ofisi imenirudisha mara mbili. (Msomaji, Mbeya)

Pole, ndugu yangu. Hauko peke yako: Livingstone kama jina la ubatizo limeenea huku kwetu, hata Askofu Mkuu wa Uganda, Mpalanyi Nkoyoyo, alikuwa nalo. Na kuhusu "e", daktari mwenyewe aliandika Livingston kwa miaka mingi. "E" ilirudi katikati ya miaka ya 1850, kwa matakwa ya baba yake.

Na majina ya kuazima hayakuishia Uskoti. Daktari alipofariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, aliyechonga jina lake kwenye mti ni Jacob Wainwright, kijana Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Wainwright ni jina la Kiingereza, maana yake fundi wa magari ya kukokotwa. Mwaka uliofuata ndiye aliyesafiri na jeneza hadi London.

Wewe nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kisha fuata tahajia ya cheti cha kuzaliwa. Cha ubatizo, parokia watakurekebishia.