Vidonge vya mgongo na figo za mama

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 61 na bado hukata miwa karibu na Muhoroni. Kila siku humeza parasetamoli nne za miligramu 500, mbili asubuhi na mbili jioni, na mgongo ukizidi huongeza diklofenaki ya dukani. Jirani amemwambia kuwa parasetamoli ikivunjwa mwilini hugeuka sumu inayoua figo. Je, aache?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Jirani ana ukweli kiasi, ila kidonge anachokilaumu sicho. Sehemu kubwa ya parasetamoli hushughulikiwa na ini na kutoka kwa mkojo bila madhara. Ni takriban asilimia 5 hadi 10 tu inayogeuka kemikali kali iitwayo NAPQI, nayo huzimwa mara moja na glutathioni, kemikali ya kinga iliyomo ndani ya seli. Mtu akimeza kupita kiasi, glutathioni huisha, na NAPQI hujibandika kwenye protini za seli, hasa zile za mitokondria zinazoipatia nguvu, mpaka seli ikafa. Ini ndilo huumia zaidi, ingawa mirija midogo ya figo nayo huweza kuharibika. Mama yako humeza gramu 2 kwa siku, nusu ya kikomo cha mtu mzima mwenye afya. Sifa mbaya ya kuharibu figo iliachwa hasa na fenasetini, dawa ya maumivu ya mwaka 1887 ambayo mwilini hugeuka parasetamoli pamoja na mabaki mengine, na ambayo Marekani iliiondoa sokoni mwaka 1983.

Kinachonitia wasiwasi ni diklofenaki. Hii haingoji kuvunjwa ndipo idhuru: huzuia prostaglandini, kemikali za mwilini ambazo hutanua mishipa ya kupeleka damu kwenye figo wakati mwili umepungukiwa na maji. Anayezihitaji mno ni mtu kama mama yako, aliyetokwa na jasho kondeni tangu alfajiri. Kama anatumia pia dawa za presha, hatari huongezeka.

Aiweke kando diklofenaki, apimwe presha na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi), na huo mgongo uchunguzwe. Vidonge vya kioski hukatwa kwa makasi, jina la dawa likabaki kwa muuzaji (na vingi vya mafua vina parasetamoli ndani), kwa hiyo aende kliniki navyo vyote mkononi, hata visivyo na jina.