Kwa Mnaoanza Kutazama Nyota: Kaeni Kwanza na Rijili Kantori

Kila mwaka huja vijana wachache kujifunza anga kwangu, na kila mwaka mmoja wao hunyoosha kidole kusini na kusema, "Mwalimu, pacha wale!" Anazionyesha nyota mbili kali zilizokaa ubavu kwa ubavu, karibu na Msalaba wa Kusini. Simcheki, maana hata mimi nilianzia hapo hapo. Ukiziona zimekaribiana namna ile, utadhani zimezaliwa tumbo moja.

Ukitaka kuziona, toka nje katikati ya Juni, kwenye saa tatu na nusu usiku. Ukiwa Dar es Salaam, tazama kusini, kisha panda na macho kupita kidogo theluthi ya njia kutoka upeo hadi utosini. Ya kushoto, yenye umanjano kwa mbali, ndiyo Rijili Kantori, jina lililotoka kwa Waarabu, maana yake mguu wa Kantarusi, yule kiumbe wa hadithi aliye nusu mtu, nusu farasi. Vitabu vingi huiita Alpha Centauri. Ya kulia, nyeupe ya kibuluu, ni Hadari. Hizo mbili ndizo zinazokuonyesha Msalaba wenyewe. Pembeni zaidi, upande wa magharibi, kuna nyota nne nyingine zenye umbo la msalaba, kubwa zaidi na hafifu zaidi, nazo zimewapoteza wengi. Msalaba usio na nyota mbili kali kando yake, achana nao.

Sasa lile la pacha. Hadari iko mbali kiasi cha miaka 390 ya nuru, yaani umbali ambao nuru huusafiri kwa miaka 390. Nuru yake unayoiona usiku huu iliondoka kule Wareno wangali Mombasa. Rijili Kantori iko umbali wa miaka 4.37 ya nuru tu. Mtoto aliyezaliwa siku nuru hiyo ilipoondoka, leo yuko chekechea. Kwa hiyo zile mbili hazina undugu wowote, zimepangana tu machoni petu. Pacha wa kweli wamefichwa ndani ya ile moja ya kushoto. Kile kitone kimoja ni majua mawili yanayozungukana, na lipo la tatu, dogo, limekaa mbali nayo.

Hilo ndilo somo ninalotaka mlishike kabla ya kununua kifaa chochote: daftari lako liwe na sehemu mbili, ulichokiona na ulichokisoma, na visichanganyike hata siku moja. Nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipandisha darubini ya lenzi ya milimita 70 juu ya paa la zege, jua limetoka tu kuzama. Nilishasoma kwamba nyota ile ni mbili. Nikachungulia, nikaona kitu kinachemka kama mafuta kwenye kikaango, kinapasuka na kuungana, nikaandika kwa furaha: "Nimeziona zote mbili." Mzee aliyekuwa akinifundisha akasoma, akaniuliza, "Ile ndogo ilikuwa upande gani?" Sikuwa na jibu. Akanirudisha juu saa sita usiku. Zege lilikuwa limepoa, hewa imetulia, na pale pale vikasimama vitone viwili vilivyoachana kabisa: kikubwa cha manjano hafifu, na kidogo chenye rangi ya chungwa. Nikafuta nilichoandika.

Tangu siku ile darubini yangu huiweka kwenye majani au udongo, na huitoa nje nusu saa kabla ili ipoe. Zege hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku, na nyota ikitazamwa kupitia hewa hiyo hutetemeka. Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba nyota hii iko kusini, basi na wewe uwe kusini mwa mji. Ukienda Bagamoyo, mwanga wa Dar es Salaam unabaki upande wa kusini, mbele yako. Ukienda Mkuranga, unauacha mgongoni. Tochi ifunikeni kwa kitambaa chekundu, na simu ibaki mfukoni.

Darubini ya macho mawili haitoshi kuzitenganisha zile nyota mbili za Rijili Kantori. Mwaka 2016 ziliachana kwa sekunde 4 tu za tao, kipimo kidogo cha pembe angani, na tangu hapo, kwa zinavyoonekana kutoka kwetu, zinazidi kuachana. Mwezi mpevu una upana wa sekunde 1,800 hivi, kwa hiyo pengo hilo ni dogo kweli kweli. Ukuzaji wa mara 60 hadi 100 kwenye darubini ndogo iliyotulia unatosha.

Huzungukana kwa karibu miaka 80, umri wa mtu aliyeishi vizuri. Zikikaribiana zaidi kwa umbali wa kweli, si kwa tunavyoziona, umbali kati yao ni kama mara 11 ya ule wa Dunia na Jua, kupita kidogo ule wa sayari Zohali na Jua. Zikiachana kabisa, ni karibu mara 36. Mara ya mwisho zilikaribiana hivyo mwaka 1955, na zitarudia 2035. Nyinyi mnaoanza leo mtakuwepo.

Ya tatu inaitwa Proxima, na kwa miaka yake 4.24 ya nuru ndiyo iliyo karibu nasi kuliko nyota yoyote baada ya Jua, lakini kwa macho haionekani hata kidogo. Mwanaastronomia Robert Innes aliigundua mwaka 1915 Johannesburg, kwa kulinganisha picha za miaka tofauti na kuona kitone hafifu kinachohama pamoja na ile kali. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa ina sayari. Msiikimbilie mwaka wa kwanza. Inataka darubini ya milimita 100 na kuendelea, giza safi na ramani nzuri.

Wala usikae na kazi yako. Mwanaastronomia Thomas Henderson aliipima Rijili Kantori akiwa Rasi ya Tumaini Jema, mwaka 1832 na 1833, vipimo vilivyotosha kuonyesha umbali wake. Alirudi Uskoti akawa na mashaka navyo, akachelewa kutangaza. Mwaka 1838 mwanaastronomia mwingine, Friedrich Bessel, akatangaza umbali wa nyota nyingine, Henderson akafuata Januari 1839. Kila nikimkumbuka hunisikitisha, kwa sababu vipimo alikuwa navyo mezani. Andika tarehe, saa, hali ya hewa na mchoro, kisha mwonyeshe mwenzako kesho yake, hata kama una shaka. Shaka nayo iandike.

Mimi kila Juni huchora duara moja kwa kifuniko cha chupa, na ndani yake naweka vitone viwili kama nilivyoviona. Mchoro wa 2016 vinakaribia kugusana. Ule wa 2024 vimeachana karibu mara mbili ya pale, na kile kidogo kimegeuka upande. Hakuna aliyeniambia nichore hivyo. Juni ijayo chukua kifuniko, chora duara lako la kwanza.