Swali Halipingwi, Kauli Ndiyo Hupingwa

Tangu nilipogusia insha za fasihi katika mitihani ya Kiingereza, wasomaji wamekuwa wakiniuliza jambo lile lile kwa sura tofauti: mtahiniwa akiona kwamba kauli aliyopewa kwenye swali si kweli, je, anaruhusiwa kuikataa? Nayajibu hapa baadhi ya maswali yao.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne, Morogoro. Nikiona swali linadai jambo la uongo kuhusu mhusika, nikatae au nitaonekana sikuelewa?

Marahaba. Kwanza tenganisha kauli na agizo, kwa sababu wanafunzi wengi huvichanganya viwili hivi. Kauli ni ile sentensi, mara nyingi ikiwa ndani ya alama za kunukuu, inayodai jambo fulani kuhusu mhusika au dhamira. Agizo ni kitenzi kinachokuelekeza uifanyie nini kauli hiyo. Agizo likiwa “Justify” (thibitisha), “Verify” (hakikisha) au “Support” (unga mkono), mtungaji ameshachagua upande, nawe umeombwa ushahidi wala hukuombwa hukumu. Likiwa “Do you agree” (je, unakubali) au “To what extent” (kwa kiwango gani), unaalikwa kupima, na anayeitikia kila kitu bila kupima hujinyima alama mwenyewe.

Agizo linalowasumbua watu ni “Discuss” (jadili). Kamusi itakuambia kwamba maana yake ni kuangalia pande zote, lakini katika shule zetu hutumika mara nyingi kwa maana ya kueleza kauli kwa mifano kutoka vitabuni. Ningekuwa wewe, ningeipa kauli hiyo hoja nyingi za kuiunga mkono, kisha ningetenga aya moja kuonyesha inapoishia nguvu yake.

Mwalimu, mwanangu alipata alama 4 kati ya 20 katika mtihani wa majaribio kwa kuwa alipinga kauli ya swali la riwaya. Kiingereza chake ni kizuri. Hakuonewa? (Mzazi, Nakuru)

Pole, mzazi mwenzangu, lakini sidhani kwamba alionewa. Karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina insha tatu za alama 20 kila moja, na mtahiniwa hupewa saa mbili na nusu. Katika insha za vitabu teule, usahihishaji uliozoeleka hutoa alama 2 kwa utangulizi, 12 kwa hoja nne zilizofafanuliwa, 2 kwa hitimisho na 4 kwa lugha. Maswali hayo kwa kawaida humtaka mtahiniwa aiunge mkono kauli kwa mifano kutoka kitabuni. Anayeipinga hupoteza zile 12 kwa mkupuo, hata kama anaandika kama malenga, kwa sababu hakuna hoja yake hata moja inayolingana na mwongozo alio nao msahihishaji. Alama 4 alizopata huenda ni za lugha tu. Shaka yake, kama anayo, ingetosha kutajwa kwa sentensi moja katika hitimisho.

Tunasoma The Lion and the Jewel, tamthilia ya Wole Soyinka. Zoezi letu linauliza kama tunakubali kwamba Lakunle, mwalimu wa shule ya kijijini, ni mtetezi wa kweli wa wanawake. Mimi nakataa kabisa. Nianzeje?

Swali hili linanifurahisha, kwa sababu Wole Soyinka mwenyewe amekuwekea ushahidi wa pande zote mbili katika kurasa za mwanzo. Usianze kwa kukataa. Anza kwa kukiri kile ambacho hakikanushiki. Tamthilia inapofunguliwa, Lakunle anamnyang’anya Sidi, msichana anayetaka kumwoa, ndoo ya maji kwa kuwa hapendi aibebe kichwani, na baadhi ya maji yanamwagikia yeye mwenyewe. Anakataa pia kulipa mahari, akisema ni desturi ya kishenzi inayomfanya mke kuwa bidhaa. Mtu anayeiunga mkono kauli ana pa kusimama.

Baada ya hapo geuza. Lakunle huyo huyo anamwambia Sidi kwamba wanawake wana ubongo mdogo kuliko wanaume, na kwamba vitabu vyake vimethibitisha hivyo. Mwishoni, Sidi anaporudi akiwa amehadaiwa na Baroka, chifu wa kijiji, Lakunle anasema sasa mahari isahaulike kabisa, kwa kuwa Sidi si mwanamwali tena. Tazama vizuri hapo: kanuni iliyokuwa ya heshima imegeuka kuwa nafuu ya mfuko wake. Kabla pazia halijafungwa, tayari anamfuata msichana mwingine katika ngoma. Ukiviweka vitendo hivi kwa mpangilio huo, hutahitaji kuandika “nakataa kabisa”. Msahihishaji atakuwa amefika huko pamoja nawe. Neno “kabisa” liache nyumbani, maana ndoo ile ya maji ingali inakusubiri.

Mpwa wangu anasoma London na anajiandaa na GCSE, mtihani wa sekondari wa Uingereza. Anasema kwao ni ruhusa kupinga. Ni kweli?

Ni kweli kwa kiasi. Huko maswali mengi ya fasihi huuliza “how far”, yaani kwa kiasi gani, kwa mfano ni kwa kiasi gani Shakespeare anamchora Lady Macbeth, mke wa Macbeth katika tamthilia ya Macbeth, kama mwanamke mwenye nguvu. Kinachoombwa ni kipimo, na “hapana” tupu si kipimo. Mpwa wako aonyeshe mama huyu akiziita roho zimwondolee uanamke wake, kisha akiri kwamba hakumuua mfalme Duncan kwa mkono wake kwa kuwa alipolala alifanana na baba yake, kisha amwonyeshe akitembea usingizini na kunusa damu mikononi. Akifika A-level, ngazi inayofuata baada ya GCSE, kuzingatia tafsiri tofauti za kazi moja ni mojawapo ya malengo yanayopimwa rasmi, kwa hiyo mazoezi hayo hayatapotea.

Je, katika insha ya kawaida, kama ile ya kulinganisha shule za bweni na za kutwa, nichague upande anaoupenda msahihishaji?

Hapana. Huwezi kuujua, wala hana alama za kuutunuku. Chagua upande ulio na mifano mingi zaidi kichwani mwako, hata kama moyoni uko upande wa pili.